Baba Mdogo Anashughulikia

Katika nyumba ya marehemu mzee Mutayoba, pale Capripoint, jijini Mwanza, hapakuwa na mtu aliyetafuna kahawa tangu mwenyewe azikwe. Mjane wake, Mama Bernadetta, meno yalikwisha kumgomea. Binti yao Rachel, daktari wa uzazi katika hospitali moja binafsi ya mjini, alikunywa ile ya kopo, yenye maziwa mengi. Kwa hiyo siku alipoamka akakuta maganda ya kahawa juu ya mto wa pili wa kitanda chake, mto ambao hakuna mtu aliyewahi kuulalia, alidhani ni mavi ya panya. Akayagusa. Yalikuwa na mate bado. Mtu alikuwa ameyatafuna taratibu, akayatema mahali pamoja kwa adabu, kama afanyavyo mzee aliyelelewa vizuri.

"Mama!" aliita.

Mama Bernadetta aliingia, akatazama mto, akatazama dirisha lililofungwa. Aliyakusanya yale maganda kwenye pindo la kitenge chake, moja moja, bila kuacha hata chembe.

"Safari hii amekuja mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani amekuja?"

"Oga uende kazini, mwanangu. Baba yako mdogo anashughulikia."

Maneno hayo Rachel aliyajua kuliko Baba Yetu. Tangu utotoni aliyasikia. Kaka yake Paulo, wakili, alipokibadilisha kiwanja cha mjane mmoja wa jirani kikawa chake, nyumbani palisemwa baba mdogo anashughulikia, na haukupita muda mjane huyo akaifuta kesi kwa hiari yake, akaomba na radhi. Rachel mwenyewe alipokamatwa chuoni na majibu ya mtihani, aliyefukuzwa ni msichana aliyekaa dawati la nyuma yake. Hakuwahi kumwona baba mdogo huyo. Hakuwepo kwenye picha za arusi wala msibani kwa baba. Rachel alijiambia ni mkubwa fulani wa Dodoma asiyependa kujionyesha. Na nani angemlaumu? Familia zenye nafasi karibu zote zina baba mdogo wa namna hiyo. Tunaambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na mimi nasadiki. Ila nimeona pia kwamba msumeno ukifika kwenye mageti fulani, meno yake hulegea.

Safari hii jambo lenyewe lilikuwa zito. Rachel alikuwa zamu siku ya sendofu ya binti wa shangazi yake, sherehe ya kumuaga kabla ya arusi, nayo ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli ufukweni, si mbali na hospitali. Akasema ataenda aonekane, arudi. Mnajua sherehe zetu. Zamu ya familia kupeleka zawadi mnaingia mkicheza, sare zimewakaa, mshereheshaji anawataja kwa majina, na asiyekuwepo ataulizwa mpaka arusi nyingine. Muuguzi Selina alipiga simu: "Daktari, huyu mama wa Magu anavuja damu." Rachel akasema muwekee dripu, nakuja sasa hivi. Familia yao ndiyo iliyokuwa inafuata. Akasema moyoni, wimbo mmoja tu. Simu ikaita tena wakati anacheza, ikaita tena wakati wa picha. Alipofika wodini akiwa na gauni la kitenge chenye kung'aa, Mhoja, mkulima wa mpunga kutoka Magu, alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni, na kichanga chake kinalia pembeni kwa nguvu zote. Mumewe, Nkwabi, hakupiga kelele. Alitaka aambiwe jambo moja tu: daktari wa zamu alikuwa wapi.

Hilo ndilo kamati ya uchunguzi ya hospitali ilikuwa inakwenda kulijibu.

Asubuhi ile ya maganda, mkurugenzi wa hospitali alimwita Rachel ofisini, akamkaribisha kiti, akatabasamu kama mtu aliyepata habari za mtoto kufaulu.

"Daktari, mambo yamenyooka. Inaonekana muuguzi hakukupigia kabisa."

"Alinipigia," Rachel alisema.

"Simu yake tumeiangalia. Namba yako haimo."

"Mkurugenzi, alinipigia. Mimi nilipokea."

Mkurugenzi alicheka kwa upole. Alikuwa anatafuna kitu huku anazungumza, na harufu yake ilivuka meza ikamfikia Rachel: kahawa iliyochemshwa na majani kisha ikaanikwa, harufu ya mifuko ya koti la baba yake. "Mmefanana sana na mzee," alisema. "Nenda kapumzike. Kikao ni Ijumaa, wewe utakuwa shahidi tu."

Rachel alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye simu yake. Akatafuta siku ile ya sendofu. Namba ya Selina haikuwemo. Simu za shangazi zilikuwemo, za mpambaji zilikuwemo, na katikati ya hizo palipokuwa pa Selina hapakuwa na kitu.

Alimkuta Selina nyuma ya wodi, mahali wanapoanika mashuka, jua la mchana limewaka. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu. Selina ndiye aliyemfundisha Rachel kumtuliza mama anayeogopa, kazi ambayo haifundishwi chuoni.

"Wanasema sikupiga," Selina alisema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Daktari, mimi nimefanya kazi hii tangu msichana. Leo niambiwe nimemwacha mama afe nikiwa nimelala? Wakininyang'anya leseni nitakwenda wapi? Wanangu wako shule. Na wanasema polisi watakuja Ijumaa, hapo hapo kikaoni."

"Nakumbuka ulivyopiga."

"Basi mseme nyinyi. Mimi nikisema ni kelele za muuguzi. Nyinyi mkisema ni ushahidi."

"Nitasema. Selina, naapa kwa Mungu, nitasimama mbele yao niseme nilikuwa wapi."

Ndipo waliposikia. Nyuma ya shuka lililokuwa linaning'inia mbele yao mtu alikuwa anatafuna, polepole, bila wasiwasi, punje zinapasuka moja moja kati ya meno yenye afya, na jua lililokuwa upande wa pili lilichora juu ya shuka kivuli cha mzee aliyeketi, mguu juu ya mguu, fimbo kati ya magoti, kichwa kimeinamishwa kidogo kama anayesikiliza watoto wakigombana. Rachel alilivuta shuka likachomoka kwenye kibanio. Hapakuwa na kiti, hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu.

"Yesu wangu," Selina alinong'ona. "Daktari, nani yule?"

Rachel aliona haya, maana aliogopa kwamba analijua jibu.

Jioni ile alimkuta mama yake barazani. Nyumba yao imejengwa juu ya miamba, ziwa liko chini, na saa za magharibi pimbi huwa wanapigiana kelele mawe kwa mawe kama wanafunzi waliokosa mwalimu. Siku ile walikuwa kimya. Rachel alisema bila kuzunguka kwamba Ijumaa ataungama. Mama Bernadetta aliinuka haraka, akamshika mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango na kuvuta pazia.

"Usiseme hivyo nje. Anasikia."

"Baba mdogo ni nani, mama?"

Mama alikaa. Alianza kulia kabla hajasema kitu, kilio cha mtu mzima, cha bila sauti.

"Baba yako alikuwa mkandarasi, unajua. Kabla hujazaliwa alijenga ukuta wa shule, akapunja saruji, ukaangukia watoto. Uchunguzi ukamkaribia. Akashuka hapo chini kwenye mawe kujitupa majini. Akamkuta mzee amekaa pembeni ya maji, nguo kavu, anatafuna kahawa. Akamwambia, keti, mwenzangu, kitu gani kinakusumbua? Akampa punje. Wewe ni Mhaya, Rachel. Mzee akikupa kahawa utakataa?"

"Hukatai."

"Hakukataa. Wakazungumza mpaka wakapatana. Wakafanya undugu kama wa zamani. Wakachanjana kitovuni, wakaipasua punje moja, wakachovya vipande kwenye damu, huyu akameza cha damu ya yule. Yule mzee akaapa: aliye wako ni wangu, na aliye wangu haguswi na mkono wa mtu. Wiki ile ile aliyefungwa akawa fundi mwashi. Alifia gerezani. Baba yako aliporudi kumshukuru, akamkuta ndugu yake amekaa juu ya maji yenyewe, nguo bado kavu." Alijifuta pua na kitenge. "Tulikuwa na kaburi la yule fundi tu, tukaona tumesalimika. Sasa sijui ni makaburi mangapi. Nimezoea, mwanangu. Mungu anisamehe, nimezoea."

Rachel aliinuka. Hasira ilimpanda, na hofu ikampanda pamoja nayo, akachukua ufunguo wa gari. Hakutaka tena kungoja Ijumaa.

Alikwenda polisi. Askari wa zamu alipomwona alisimama. "Daktari! Mtoto wa mzee Mutayoba! Karibu, karibu kiti. Mleteeni daktari soda." Rachel alisema mama mmoja amekufa kwa uzembe wangu, niandike. Askari alimtazama kwa huruma. Akasema pole sana, daktari, kazi zenu zinachosha. Akasema madaktari wazuri ndivyo walivyo, wanajilaumu. Rachel akapiga meza, akasema nilikuwa kwenye sherehe nacheza, na askari akamsindikiza mpaka nje amemshika kiwiko, akamfungulia mlango wa gari, na alipoinama kumtakia safari njema mdomo wake ulikuwa unatafuna.

Akageuza gari aende kwa padri, na padri akamsikiliza hadi mwisho na kumwambia haoni dhambi hapo. Akaenda kwa rafiki yake mwandishi wa habari, na rafiki akacheka akamkaribisha chakula. Kila geti alilopiga honi lilifunguliwa kabla hajaondoa mkono, kila mtu alifurahi kumwona, kila mtu alimwambia pole, na kila alipotoka mji ulikuwa umezidi kulainika mbele yake, taa za barabarani zinampisha, trafiki anampungia, magari yanasogea pembeni kama kwa msafara wa mkubwa, mpaka akahisi anaendesha ndani ya pamba, pamba mdomoni, pamba masikioni, na hakuna hata mtu mmoja Mwanza nzima wa kumzuia, wa kumfokea, wa kumwambia wewe mwanamke una makosa. Na alipokanyaga breki hatimaye akakuta yuko mbele ya geti lao wenyewe, ambako hakuwa amekusudia kwenda, geti limefunguka, na kwenye kioo cha katikati akaona kofia ya mzee aliyekaa kiti cha nyuma, ametulia, kama anayerudishwa nyumbani na bintiye baada ya matembezi mazuri.

Hakugeuka. Alishuka, akaingia ndani, akakaa kwenye kochi na mama yake wakashikana mikono mpaka kukapambazuka.

Mama ndiye aliyempeleka Buswelu, Alhamisi asubuhi. Kulikuwa na mganga huko aliyeitwa Ndalahwa, mwanamke mnene mwenye duka la chakula cha kuku, na kazi yake ya pili aliifanyia stoo, katikati ya magunia ya pumba. Sifa zake zilikuwa kubwa. Aliwahi kutoa jini kwenye mabweni ya wasichana, likatoka likimtukana kwa Kijaluo.

Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Mara alinusa hewa, akaenda kuufunga mlango, akarudi.

"Mmekuja naye," alisema kwa mnong'ono. "Amekaa kwenye gunia lile. Msitazame."

Mama Bernadetta alifunika uso.

"Mtoe," Rachel alisema. "Chochote kinachotakiwa tutaleta."

"Simwezi, na nisikudanganye. Mimi natoa wavamizi, daktari. Jini la kukanyaga njia panda, jini la kutumiwa, hao nawaweza. Huyu hakuvamia. Alikaribishwa, akalishwa, akachanjwa. Huyo ni ndugu yenu. Nikimfukuza ndugu kwenye nyumba ya nduguye, mvamizi anakuwa mimi."

"Kwa hiyo tufe naye?"

Ndalahwa alifikiri, macho yake yakilikwepa lile gunia. "Undugu wa kuchanjana unavunjika siku kiapo kikishindwa. Aliapa hamtaguswa. Basi uguswe. Watu wakuadhibu, kwa kosa lako mwenyewe, kwa maneno ya kinywa chako mwenyewe. Hiyo siku kiapo chake kitakuwa cha uongo, na ataondoka kwa aibu."

"Hicho ndicho ninachokitafuta tangu jana! Hakuna anayenisikia."

"Kwa kuwa jana ulikuwa unatafuta nini?" Ndalahwa alimshika kidevu, akamtazama machoni kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa. "Huyu ni ndugu mwema, ndiyo ubaya wake. Hakufanyii usichokitaka. Ukienda polisi huku moyo unasema Mungu wangu wasinifunge, yeye anasikia moyo, mdomo anauacha. Kesho ukisimama pale, usitake kuokoka. Usitake hata kidogo. Ukiweza hivyo, umemshinda."

Kwenye lile gunia, kitu kilipasuka kati ya meno.

Kusema kweli, mimi ninayesimulia nilimpenda Rachel kwa siku ile moja. Alirudi nyumbani akakunja makoti yake meupe na kuyaweka ndani ya sanduku. Alikiondoa kibao kilichoandikwa jina lake mlangoni pa ofisi. Alimpigia Paulo akamwambia asije kumtetea, na Paulo akamwita mwehu. Alimwambia mama yake atakapofungwa asimletee chakula kizuri kuliko cha wenzake. Alilala usingizi wa kweli, na alipoamka ule mto wa pili ulikuwa safi.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa hospitali. Mwenyekiti alikuwa Daktari Masele, mzee mstaafu, mpole, aliyekuwa anajifuta jasho na leso. Selina alikaa peke yake upande mmoja, amevaa sare yake aliyoipiga pasi vizuri. Upande wa pili alikaa Nkwabi, ametoka Magu alfajiri, kichanga kimelala mapajani pake kimefungwa kwenye khanga ya marehemu. Polisi wawili walisimama nje. Rachel alivuta pumzi. Hapakuwa na harufu ya kahawa. Palinuka dawa ya sakafu na jasho la watu, na moyo wake ukainuka kwa furaha.

"Daktari Rachel Mutayoba," mwenyekiti alisema, "tueleze unachokijua."

Alisimama. "Siku ile nilikuwa daktari wa zamu," alisema, na sauti ilikuwa yake. "Muuguzi Selina alinipigia simu, nikapokea. Akaniambia Mhoja anavuja damu. Sikuwa hospitalini."

Selina aliweka viganja usoni, mabega yakaanza kumtikisika. Nkwabi aliinua kichwa. Ilikuwa inawezekana! Kilichobaki ni maneno machache tu.

Daktari Masele aliweka leso mezani. Hakuwa mtu mbaya, na alichokifanya alikifanya kwa wema. "Ngoja kidogo, binti yangu. Nilimfahamu baba yako. Ukiimaliza sentensi hiyo, leseni yako imekwenda, na pengine hutatoka hapa kwa mlango ulioingilia. Ninakuuliza kama mzazi. Una hakika?"

Angejibu ndiyo mara moja, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini mtu akiulizwa kwa upole, hutulia afikirie, na Rachel alifikiria. Aliwaona wanawake kwenye benchi la wodi wanaposimama akipita, shikamoo daktari, hata wanaomzidi umri. Aliiona kesho yake asipoitwa hivyo. Hakutamani uongo, hakumtamania Selina mabaya. Alitamani tu, kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho, kwamba ingekuwa vyema kama jambo hili lingekuwa limekwisha na yeye yuko nyumbani.

Harufu ikaja.

"Nina hakika," alisema, akafungua kinywa amalizie, na ulimi wake ukasogea pembeni kama kijana anayempisha mzee kwenye kiti, na palipokuwa na ulimi pakawa na kitu kingine, kizito, chenye uvuguvugu, kilichoketi hapo kwa raha, na akasikia sauti yake mwenyewe, tamu, yenye huzuni inayostahili, ikieleza kwamba hakuwa ndani ya jengo kwa kuwa alikuwa nje ya geti tu akipata hewa, kwamba simu ilikuwa moja, kwamba Selina alimwambia mgonjwa anaendelea vizuri na asijisumbue, na kwamba alipoingia kwa hisia zake tu alimkuta muuguzi amelala juu ya meza. Akauma meno ili aikate ile sauti, ikapita kati ya meno. Akajaribu kupiga magoti aombe radhi, miguu ikasimama wima, heshima tupu. Ndani yake alikuwa anapiga mayowe ni mimi, nilikuwa nacheza, nilikuwa nacheza, na mayowe yote yalimfikia mtu mmoja tu, naye alikuwa anamwitikia toka ndani kwa upole, tulia, mwanangu, baba yako mdogo yupo.

"Daktari!" Selina alisimama, kiti kikaanguka. "Daktari, mbona unaniua? Si uliapa! Mtazameni, huyo si yeye, mtazameni mdomo wake!"

Walimtazama Selina. Wajumbe walitikisa vichwa, mmoja akaandika kitu, na mwenyekiti akajifuta macho kwa leso. Alisema kamati imeridhika. Alimshukuru daktari kwa ujasiri wa kueleza jambo ambalo lilikuwa gumu kwake. Polisi waliingia. Selina hakupigana nao; alipita mbele ya Rachel akiwa ameshikwa mikono, akasimama, akamkazia macho usoni, akitafuta humo ndani mtu aliyemjua. Nadhani alimwona, maana alianza kulia upya, na safari hii hakujililia yeye.

"Pole, daktari wangu," alisema, wakamvuta.

Rachel alitaka kuanguka. Alibaki amesimama. Watu walikuwa wanakuja kumpa mkono, na mkono wake ulikuwa unapokea. Mama Bernadetta, aliyekaa safu ya nyuma, hakuja. Alikuwa ameinamia sakafu kama aliyefiwa.

Wa mwisho kuja alikuwa Nkwabi. Alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, akaupokea mkono wa Rachel kwa ule mwingine, magoti yamekunjwa kidogo, kwa heshima ya kwao.

"Daktari, ahsante," alisema. "Mimi sina kisomo. Nilifikiri wakubwa watalindana, ukweli upotee. Nilikuwa nimekuwekea kinyongo wewe, unisamehe. Kumbe bado kuna watu. Mtoto hatujampa jina, tulikuwa tunangoja kujua mama yake amekufaje. Sasa nimejua. Nikirudi Magu nitawaambia wazee, tumwite Rachel."

Hapana, Rachel alilia ndani. Usimpe. Mpe jina lolote, usimpe la kwetu!

"Nimefurahi sana," kinywa chake kilisema. "Sasa na huyu ni mtoto wetu. Yeyote asimguse."

Nkwabi alitabasamu machozi yakimtoka, akamfunua mtoto uso ili wajina wake amwone. Kichanga kilikuwa macho. Hakikumtazama Rachel, kilikuwa kinatazama juu kidogo ya bega lake la kushoto, kimetulia kabisa. Nkwabi naye aliyafuata macho ya mwanawe, akamwona aliyesimama hapo, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Rachel alijibu.